Fundo la Momoy

Ukucha haukupita.

Asylkan alikuwa amepiga goti kwenye udongo mbichi wa mteremko, akijaribu kuupenyeza ukucha wa kidole gumba baina ya utepe na gome la mjozi mchanga, na kila alipojaribu ukucha uligoma. Utepe ulikuwa wa nailoni, wa kijani kikali, na ulikuwa umezama katika shina jinsi pete inavyozama katika kidole kilichovimba. Juu yake gome lilikuwa limefura. Chini yake lilikuwa limesinyaa na kupauka. Machipukizi hayakufika ukubwa wa punje ya shayiri, na huu ulikuwa mwezi wa nne, ilhali mijozi ya msituni ng'ambo ya kijito ilikwisha kujivika majani.

"Umeiona?" sauti ya Tashtemir ilimjia kutoka nyuma. "Umeiona filamu yako?"

Asylkan alisogea kwenye mche wa pili, kisha wa tatu, kisha akaacha kusogea, akatazama tu. Mteremko mzima ulikuwa umefungwa. Kila mche ulikuwa na utepe wake, na kila utepe ulikuwa na fundo lile lile la vitanzi vitatu, fundo alilolibuni yeye mwenyewe kwa vidole vyake, chini ya taa za studio kule Bishkek.

"Nimekuuliza, binti yangu. Umeiona, au nikutafutie kiti uketi, nizime na taa?"

"Nimeiona, baba mkubwa."

"Mashaallah. Maana mimi nimepigwa mawe kwa ajili yake. Mimi! Mtu niliyewaadhinia watoto hawa masikioni siku waliyozaliwa, leo wananiita Makasi!"

Alikuwa na kidonda kibichi juu ya nyusi, na alikigusagusa kana kwamba ni hati ya ushahidi. Hakutaja kwamba naye alimzaba mtoto mmoja kofi, wala kwamba baba wa mtoto huyo sasa humpita msikitini bila salamu.

Ghadhabu ya mzee ilikuwa na haki yake. Katika mwaka wa mvua nyingi, mara tu baada ya swala ya alfajiri, mlima ulikiteremkia kijiji cha Tört-Bulak, ukazifunika nyumba za safu ya juu pamoja na waliokuwa ndani. Ndani ya mojawapo alikuwamo mwanawe Tashtemir, na mkewe, na kitanda cha mtoto. Waliopatikana walizikwa, wasiopatikana waliswaliwa swala ya ghaibu. Serikali ikawataka watu wahame, wengine wakahama. Tashtemir alibaki, akaanza kupanda mijozi juu ya lile kovu la mlima, akibeba miche na maji kwa punda, masika baada ya masika, kwa kuwa mzizi wa mjozi huenda chini kabla shina halijathubutu kwenda juu. Na chini ya mteremko huo ndipo ilipojengwa shule mpya.

Asylkan, binti wa mdogo wake, alikwenda mjini akawa fundi wa filamu za watoto. Aliwatengeneza wanasesere wa sufu iliyoshindiliwa, mifupa yao ya waya, akawasogeza upana wa unywele na kupiga picha, akawasogeza tena na kupiga tena, hata wakatembea, wakacheka na kulia. Mradi wa mazingira ulipoiagiza studio filamu ya kuwafundisha watoto kuipenda miti, alilitafuta wazo nyumbani kwao. Penye chemchemi, juu ya kijiji, pana kaburi la mcha Mungu wa zamani na mti ulioinama juu yake, na akina mama huchana pindo la nguo zao, wakakifunga kipande kwenye ncha ya tawi pamoja na dua. Masheikh huikemea desturi hiyo, nao wana hoja yao. Akina mama huitenda vivyo hivyo, nao wana machozi yao. Mama yake Asylkan alikuwa mmoja wao.

Ndivyo alivyozaliwa Momoy, msichana wa sufu mwenye mashavu mekundu, aliyefunga kipande cha gauni lake kwenye kila mche na kuuapia kuulinda. Akazaliwa na adui yake, Mzee Makasi, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa makali mawili ya chuma. Kila kitambaa alichokikata, mti ulikauka papo hapo, na ndege aliyekuwa juu yake akaanguka. Watoto waliilia filamu hiyo, wakaichekea, wakaomba irudiwe. Mradi nao ulipoona wanavyoipenda, uliagiza tepe za nailoni zenye nembo yake, ukazigawa shuleni pamoja na filamu. Shule iliyofunga miti yake yote ilipewa kibao cha kutundika langoni: Shule ya Kijani. Cha Tört-Bulak kilikuwa kikimeremeta kule chini.

Kitambaa cha mama yake kilikuwa pamba, kikaning'inia kwa ulegevu, na majira ya baridi mawili yalitosha kukiozesha. Utepe huu hauozi. Mti ulinenepa, utepe ukakataa.

Asylkan alitoa mkasi mkobani.

"Bismillah," alisema, na kuukata ule wa kwanza. Ulitoka ukiwa umeacha mfereji kwenye gome.

Alikuwa ameushika wa pili wakati kengele ya shule ilipolia huko chini. Mlango ukafunguka, na watoto wakatoka kwa kelele za kawaida za watoto wanaotoka darasani. Kisha mmoja akatazama juu, na kelele zikabadilika.

"Makasi kaja! Makasi kaja na mke wake!"

Waliupanda mteremko kwa mbio kama mbuzi. Mbele yao alikuwa msichana wa umri wa miaka kama kumi, ua jeupe la kitambaa kichwani, viatu vya mpira vimejaa tope. Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye mche, akajipenyeza baina ya mti na Asylkan, akaukumbatia.

"Huyo ni Tumar," Tashtemir alinong'ona. "Jirani yangu. Huyo ndiye jemadari wao."

"Eje," alisema Tumar, kwa neno ambalo watoto wa huko humwitia kila mwanamke aliyewazidi umri, japo adabu yote iliishia kwenye neno hilo. "Ondoa mkono. Huu mti ni wangu."

"Wako vipi?"

"Nimeufunga mimi. Na nimeapa. Ukiukata utepe roho ya mti inatoka, mti unakauka. Kwani we hujaona filamu?"

Tashtemir akaangua kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Haya, mjibu! Mwambie kama umeiona!"

"Filamu hiyo nimeitengeneza mimi," alisema Asylkan.

Watoto wakatazamana. Kisha wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

"Kamtengeneza Momoy!"

"Na mimi nimetengeneza mwezi!"

"Momoy hatengenezwi, eje," Tumar alieleza kwa subira ya mtu anayezungumza na mlevi. "Momoy yupo."

"Sikilizeni. Huo utepe unaunyonga mti. Mti unakua, utepe haukui. Ona huu, umeshaanza kufa..."

"Unakufa kwa sababu huyu babu alijaribu kuukata juzi!"

"Makasi! Makasi! Makasi!"

Wimbo ukashika, wakaupiga mdundo kwa miguu. Walikuwa wameshikana mikono, wameizunguka miche mitatu mitatu, minne minne, jinsi hasa Momoy na rafiki zake walivyoizunguka katika onyesho la mwisho la filamu. Asylkan alikesha majuma kwa ajili ya onyesho hilo. Aliyakunja magoti yale, aliviinamisha vichwa vile. Sasa vilimtazama vikiwa na nyama na damu, vikimzomea, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na mti unaokabwa koo. Hasira ilimpanda kutoka nyayoni.

"Tokeni hapo!" alipiga ukelele. "Tokeni hapo wote, sasa hivi!"

Wimbo ulikatika. Watoto walirudi nyuma. Mdogo mmoja alianza kulia, si kilio cha kudeka bali cha hofu ya kweli.

Ndipo Asylkan alipokumbuka. Siku ile ya kurekodi sauti za filamu, mwigizaji hakutokea, na yeye alikuwa na mafua, sauti imekwaruza. Akaingia chumbani akayasema mwenyewe maneno ya adui. Tangu hapo, kila alipopaza sauti, ilitoka ileile ya Mzee Makasi.

"Ndiye," alisema Tumar, midomo imempauka. "Ndiye mwenyewe."

Donge la udongo lilimpata Asylkan begani. Donge la pili lilimpata Tashtemir, ambaye safari hii hakuwa amesema neno.

* * *

"Baba yangu mwenyewe hakuwahi kunitupia kitu!" Tashtemir alikuwa akizunguka ua wake, kofia mkononi. "Niache niwafungie darasani. Wewe ukate yote, tumalize."

"Na kesho watafunga upya. Kabati la shule limejaa tepe."

"Nitalichoma kabati!"

"Baba mkubwa, kaa."

"Sikai! Utomvu unapanda sasa hivi, tunavyoongea. Kila siku shina linanenepa. Mvua ya mwezi wa tano ikija, nani ataushika mlima, Momoy?"

Asylkan aliingia bustanini, akampigia simu Erkinbek, mkuu wa studio na msimamizi wa gari la mradi lililozungusha filamu na tepe vijijini. Sauti ya Erkinbek ilikuwa nyororo, sauti ya mtu aliyetoka kula.

"Asylkan, dada yangu! Umewaona watu wetu? Wamekuchinjia kondoo?"

"Bayke, tepe zinaua miti," alisema, akimwita kwa neno la heshima kwa kaka mkubwa.

"Tepe gani?"

"Tepe zako."

"Zetu," alisahihisha kwa upole.

Akamweleza. Hakuficha kitu: shina, mfereji, machipukizi, mlima, shule. Alipomaliza, kwa kitambo kifupi alidhani kwamba amesikilizwa.

"Sasa unataka nini?"

"Gari la mradi lisimame. Filamu isionyeshwe hadi nilitengeneze upya lile fundo. Na waelezwe kote wakate."

"Gari lilikwisha kuondoka. Kesho liko bonde la jirani na kwenu hapo."

"Na tepe?"

"Na tepe, naam. Watoto wanazipenda."

"Watoto wataipenda hata sumu ukiipaka sukari!"

"Dada, tulia. Wiki ijayo tunapanda jukwaani kupewa tuzo. Wewe ndiye utakayeishika. Miti michache kufa ni jambo la kawaida, itapandwa mingine."

"Hii si miti ya kupamba barabara, bayke. Hii imeushika mlima."

"Mlima umeshikwa na Mwenyezi Mungu."

"Usimtie Mungu katika uzembe wako!"

Akasikia pumzi yake ikibadilika. Erkinbek alipozungumza tena, unyororo ulikuwa umekwisha.

"Haya, nieleze wewe mwenye akili. Tukawaambie nini watoto? Kwamba Mzee Makasi ndiye mwema? Kwamba Momoy aliwadanganya? Baada ya hapo watamwamini nani wakiambiwa wasikate miti, wasichafue mito? Utakuwa umebomoa filamu zote, siyo hii tu. Fikiri, kisha unipigie."

Simu ikakatika. Lililomuudhi zaidi Asylkan ni kwamba hoja ile haikuwa ya kijinga. Alitaka kuirusha simu ukutani, akajizuia kwa kuwa ukuta ulikuwa wa udongo na mzee ndiye angeuziba.

Shangazi, dada yake Tashtemir, alimletea chai na malai na mkate wa moto wa tanuri, akamwachia juu ya gogo. Jua lilikuwa limeinama, wakati wa alasiri. Ng'ambo ya ukuta, katika ua wa jirani, kondoo walikuwa wanarudi kwa vumbi na vilio, na Tumar alikuwa akiwafunga wanakondoo. Ua jeupe la shule lilikuwa limevuliwa. Kamba ndefu ilikuwa imelazwa chini, yenye vitanzi vya sufu vilivyopangana, kila mwanakondoo na kitanzi chake cha shingoni. Tumar alipita akiinama kwa kila mmoja, akipenyeza vidole viwili baina ya kitanzi na shingo, kisha akiendelea. Vidole viwili, anaendelea. Vidole viwili, anaendelea. Kisha akasimama.

"Nani kamfunga huyu?"

Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amepanda juu ya jiwe ili aufikie mlango wa zizi, akajidai hasikii.

"Wewe! Nani kamfunga?"

"Mimi. Wiki ile."

"Wiki ile alikuwa hivi, leo yuko hivi! We huna macho? Unataka afe amesimama?" Alikuwa anakifungua kitanzi kwa kucha, akisonya, na mwanakondoo alikuwa akikohoa. "Vidole viwili, punguani we! Vidole viwili kila jioni! Mnyama anakua, kamba haikui!"

Chai ilipoa mkononi mwa Asylkan. Hasira haikumwondoka, ila ilipata kazi ya kufanya. Alirudi ndani akaomba daftari nene, lolote, hata la hesabu, na penseli.

* * *

Adhana ya alfajiri ilimkuta akichora ukurasa wa mwisho. Alitawadha kwa maji ya baridi, akaswali, akapanda mteremkoni peke yake, akiwa amemwapisha Tashtemir kwamba atabaki chini na punda wake.

Watoto walikuwa wamekwisha kufika. Walikuwa wamejigawa zamu kabla ya masomo, wamejifunga skafu, wana viazi vya moto mifukoni, na mbele yao marundo ya madongo.

"Karudi!"

Sauti yake Asylkan alikuwa ameiacha nyumbani. Alikaa chini kwenye umande, hatua chache kutoka kwa Tumar, akauweka mkasi mbali upande wa kushoto ili waone kwamba hakuushika. Kisha akalitoa daftari, akalikunja kidogo kwa kiganja, na kuziachia kurasa ziteleze moja baada ya nyingine chini ya kidole gumba.

Kwenye pembe ya kurasa, mwanakondoo alisimama kwa miguu inayotetemeka.

Donge lililokuwa limeinuliwa lilibaki hewani. Mwanakondoo alitikisa masikio, akaruka, akaanguka, akainuka. Mtoto mmoja alicheka. Mwanakondoo alikuwa na kitanzi shingoni. Akala majani, akanenepa, akala, akanenepa, na kitanzi kilikuwa kilekile.

Walikuwa wamekaribia. Pumzi zao zilinuka viazi. Shingo ya mwanakondoo ilianza kubonyea katikati. Macho yakamtoka. Ulimi ukachungulia.

"Mlegezee!" mmoja alipiga kelele.

"Mlegezee, atakufa huyo!"

"Eje, mlegezee!"

Kurasa hazikusimama. Mwanakondoo alisimama wima kwa miguu ya nyuma, miguu ikaungana ikawa shina, masikio yakachanua yakawa majani, na pale ilipokuwa shingo palibaki kitanzi, katikati ya mjozi mchanga, kikizama. Majani yakaanguka moja moja. Daftari likafika mwisho.

Huko chini punda alilia.

"Rudia," alisema Tumar.

Akarudia. Tumar akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akaziachia kurasa mwenyewe. Akazirudisha kinyume pia: majani yakarudi juu, mti ukawa mwanakondoo, mwanakondoo akawa mdogo, kitanzi kikalegea. Kisha akampa mwenzake daftari, akaondoka kwenda kwenye mti wake.

Alipenyeza vidole viwili. Havikupita. Akajaribu kimoja. Akajaribu ukucha, akiwa ameng'ata mdomo, hata ukucha ukapinda.

Alipogeuka, uso ulikuwa umemwiva.

"Ni kweli Momoy umemtengeneza wewe?"

"Kweli," Asylkan alijibu kwa sauti ya chini kabisa.

"Na Makasi?"

"Na Makasi."

"Kwa hiyo Momoy hayupo."

"Yupo sandukuni, Bishkek."

Tumar aliimeza habari hiyo kama dawa chungu. Lakini hakulia, alikuwa na jambo kubwa zaidi. "Sasa kwa nini ulimfanya afunge hapa? Kwenye shina? Bibi yangu anafunga kule juu, kwenye tawi. Kila mtu anafunga kwenye tawi!"

Asylkan alikuwa na majibu mengi. Angeweza kuutaja mradi, nailoni, Erkinbek na tuzo yake. Yote yalikuwa ya kweli.

"Mikono yake ni ya waya," alisema. "Mifupi. Haikufika tawini."

"Si ungemnyanyua?"

Asylkan alivitazama vidole vyake.

"Si ungemwekea jiwe apande? Mimi nisipofika napanda jiwe! Hata mdogo wangu, mjinga kama alivyo, anajua kupanda jiwe!" Sauti ilikuwa ikimkatika kwa hasira. "Mimi nimekuja hapa kila siku! Kwenye theluji nimekuja! Nimekaza fundo kila lilipolegea, kila siku, kwa sababu yeye alikaza!"

"Sikufikiri," alisema Asylkan.

"Sisi tukisema hatukufikiri, mwalimu anatusimamisha mbele ya darasa."

"Basi nisimamishe."

"Simama."

Asylkan akasimama. Alisimama kwenye mteremko, mikono pembeni, mbele ya watoto waliomtazama bila kucheka, na hakuna jukwaa alilowahi kupanda lililokuwa na urefu ule. Alifikiri kwamba ataona aibu tu. Badala yake aliona hasira ya yule mtoto ikimwingia na kuungana na yake, na safari hii zilielekea upande mmoja.

"Lete mkasi," alisema Tumar.

Aliuchukua, akaushika kwa mikono miwili mbele ya mti wake. Watoto wengine walirudi nyuma. Mmoja alitazama juu, kwenye tawi tupu, akimsubiri ndege aanguke. Tumar alifumba macho, akasoma bismillah, akakata.

Hakuna ndege aliyeanguka. Upepo ulipita tu.

Kisha wote walikuwa mbioni. Walikata kwa visu vya mfukoni, kwa vipande vya chupa, kwa meno. Mmoja alikimbia nyumbani akarudi na makasi makubwa ya kukatia manyoya ya kondoo. Tashtemir naye alipanda bila kuitwa, akafanya kazi kimya kando ya yule mtoto ambaye yeye alimzaba kofi; baada ya muda akalivua koti lake, akamvisha mtoto huyo.

Simu ya Asylkan ililia. Alilitazama jina bila kuipokea.

"Nani?" aliuliza Tumar.

"Mwenye tepe. Gari lake liko bonde la pili. Leo anawaonyesha wale wa huko."

"Na tepe anawapa?"

"Anawapa."

Tumar alinyoosha mkono. Asylkan, ambaye siku nyingine angesita, akampa simu.

"Haloo, bayke? Hapana, si yeye. Mimi Tumar. Wa Tört-Bulak." Alisikiliza kidogo, kichwa kimeinama. "Ndiyo, filamu nzuri. Bayke, umevaa tai? ... Nauliza tu. Umevaa? Basi tia vidole viwili hapo shingoni. Vimepita? ... Vimepita, eeh? Sisi huku ukucha haupiti! Mwambie mwenye gari akigawa hata utepe mmoja, tunakuja!"

Akairudisha simu mkononi mwa Asylkan. Erkinbek alikuwa bado anazungumza ndani yake, sauti ndogo kama nzi aliyefunikwa na gilasi. Asylkan aliikata.

"Tunakwenda vipi?" Asylkan aliuliza.

"Nitawapeleka mimi," Tashtemir alisema, akiwa tayari anampigia punda mluzi. "Kwa njia ya kijito tutafika kabla ya adhuhuri. Wakinitupia mawe, nimeshazoea. Leteni hilo daftari."

Walitawanyika kukusanya tepe zilizokatwa, wakizijaza gunia ili wale wa bonde la pili waone kwa macho yao. Sehemu kubwa ya miche ilikuwa imeachiwa, mingine ikiwa na alama tu, mingine ikiwa na mifereji. Michache, upande wa juu wa mteremko ambako shina hunenepa upesi, ilikuwa imekwisha kuumeza utepe, gome limefunga juu yake.

Mti wa Tumar ulikuwa mmojawapo. Alikuwa ameukata kwa mbele, lakini kwa nyuma nailoni ilikuwa imezama, na kila alipovuta, gome lilisogea pamoja nayo. Asylkan alipiga goti, akafungua kisu cha kazi yake, kile kidogo cha kuchongea nyuso, akaanza kuchimba kando ya utepe, polepole, milimita kwa milimita, mkono ukiwa mtulivu na moyo ukichemka. Utomvu ulitoka, ukamlowesha vidole. Uzi wa kijani ulichomoka mwishoni, mrefu, umelowa.

"Utapona?" aliuliza Tumar.

"Sijui."

"Kwenye filamu ungepona."

"Kwenye filamu, ndiyo."

Tumar aliutazama ule mfereji uliozunguka shina zima. Kisha akaondoka, akateremka kidogo, akarudi akilisukuma jiwe kubwa kwa mikono na goti, akihema, hadi akalifikisha chini ya mti na kuliweka sawa kwa mguu.

"La nini hilo?"

"La Momoy," alisema bila kumtazama. "Siku utakayomtengeneza tena."

Akageuka akaelekea kwenye mti uliofuata, na mkasi hakuurudisha.